Kisanduku cha Nyaya Tatu

Chumba cha uchapaji, shuleni
6 Novemba

Kwako Waya, mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Najua ungenisalimu kwanza kama ungekuwa hapa, basi nimeitikia kabisa tusipoteze muda. Huku hatujambo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu imeingia wazimu, spika inakwaruza, na nimechoka kusimama njiani nikiuliza "umesemaje, umesemaje" huku watu wakinitazama. Barua haikwaruzi. Hii nampa mama wa ofisi ya vifurushi, ambaye ni mwaminifu ingawa ana domo.

Nina shida, na ole wako ucheke. Unaijua mashine yangu ya kuchapa nukta nundu, ile uliyoiita mkweche mbele ya ukoo mzima kwenye harusi ya dada yako. Mkweche huo ndio umechapa karibu kila kitabu ambacho watoto wa shule hii wamewahi kukisoma kwa vidole vyao. Una vinyundo ndani vinavyogonga nukta kwenye karatasi nene, na vikianza kazi hata kikombe cha chai kinasogea mezani chenyewe. Waya wake ni mfupi, na unaingia tu kwenye kompyuta ya zamani yenye lile tundu la pini tisa, maana kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo. Kwa hiyo miaka yote hii mimi, kompyuta na mashine tumebanana kwenye chumba kimoja kama wake wenza wasio na pa kwenda.

Sasa tumepata mwalimu mkuu mpya. Ni mama mpole, lakini upole wake una meno. Ameniita ofisini akaniambia kwamba watoto wasioona husoma kwa masikio kabla ya kusoma kwa vidole, na mashine yangu imepakana ukuta na darasa la mwisho. Walimu wanapaza sauti mpaka wanapoteza sauti. Ameamua hivi: mashine ihamie ghala la magodoro kule ng'ambo ya uwanja na ifanye kazi ikiwa huko kabla shule haijafunguliwa Januari, au iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na vitabu viagizwe nje. Mara ya mwisho vilipoagizwa nje, vilifika watoto wakiwa wamekwisha fanya mtihani. Mimi nitahamishiwa wapi mashine ikiondoka hakusema, nami sikuthubutu kumwuliza.

Nimekwenda dukani mjini. Muuzaji amenionyesha visanduku vya aina tatu ambavyo anasema vinaunganisha mashine za zamani na mtandao. Aliongea haraka haraka, nami nikawa natikisa kichwa tu kama naelewa. Nimerudi mikono mitupu. Wewe ndiye fundi wa mitandao wa ukoo huu, nichagulie. Na usiniangushe, mwanangu, kwa hili nakuomba.

Ule vizuri huko kambini. Picha uliyotuma umekonda.

Shangazi yako

* * *

Kambi ya mafundi
12 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini. Tangu harusi nimekupigia simu mara nyingi, mara haipokelewi, mara inapokelewa unasema "haya, haya" na kukata. Siku ile ya harusi, baada ya maneno yangu ya mkweche, nilikufuata nyuma ya turubai nikuombe radhi. Nilikuita, ukaenda zako bila hata kugeuka. Nikajua nimekwisha. Kumbe ni spika tu. Nimeshusha pumzi ndefu, nimemsimulia hata mpishi wetu.

Tuje kwenye kisanduku. Hicho ni mkalimani. Upande mmoja kina tundu la pini tisa, unachomeka waya wa mashine. Upande wa pili kina tundu la waya wa mtandao kama ule uliopo ofisini kwenu. Kompyuta mpya tutaiwekea programu ndogo itakayoifanya iamini kwamba mashine imechomekwa mgongoni mwake, wakati mashine iko ghalani na magodoro. Inadanganywa na inaridhika.

Muuzaji hakukosea, vipo vya aina nyingi. Vipo vya tundu moja na vya matundu manne, na wewe una mashine moja, kwa hiyo asikuuzie manne. Vipo vya plastiki na vya bati nene. Hayo hayanisumbui. Linalonisumbua ni nyaya. Visanduku vya bei ya chini hutumia nyaya tatu: wa kupeleka, wa kupokea na wa ardhini. Vya bei ya juu hutumia nyaya zote, na katika hizo upo mmoja ambao mashine huutumia kuiambia kompyuta ingoje kidogo, tumbo limejaa. Kuna mashine za zamani zinazoutumia waya huo na kuna zisizoutumia kabisa.

Ningesoma kitabu cha maelekezo, lakini nakumbuka ulisema mchwa walikisoma kabla yetu. Basi nisaidie hivi. Nimewahi kukutana na mashine za jamii hiyo. Zile zinazoutumia waya wa kungoja hutoa mlio mwembamba kila zinapojaa, unasikika hata katikati ya kugonga. Zisizoutumia hazilii. Je, yako inalia? Niambie pia kutoka ofisini hadi ghalani ni umbali gani, na kama ghalani kuna umeme wa uhakika. Hilo la mlio ndilo litakaloamua ninunue kipi, kwa hiyo litazame vizuri.

Sijakonda. Ni shati.

Wako,
Waya

* * *

Chumba cha uchapaji
17 Novemba

Waya,

Marahaba. Kwanza nikwambie kwamba siku ya harusi sikukununia. Nilikuwa natafuta kiti mbali na zile spika za muziki zilizotaka kunipasua kichwa. Hayo ya kuniita sikuyasikia. Wewe ukinikosea nitakwambia hadharani, hunijui?

Majibu yako haya hapa. Kutoka ofisini hadi ghalani ni uwanja tu, ule wa kamba ambazo watoto huzifuata wakienda bwenini. Fundi wetu wa shule anasema waya wa mtandao utapita juu ya paa la korido bila shida. Umeme upo, soketi imechoka, atabadilisha.

Mashine hailii. Nilikaa nayo asubuhi nzima ikichapa mtihani wa jiografia, nikaitegea sikio kama mama anayemtegea mtoto mgonjwa. Inagonga tu mpaka imalize. Nakumbuka zamani ilikuwa na kamlio fulani, kama kifaranga kilichopotea, lakini kamekufa siku nyingi. Kila kitu hapa kinazeeka, siwezi kukilaumu.

Mwalimu mkuu amepita tena leo. Alisimama mlangoni akaiangalia mashine kisha akaniangalia mimi. Nimelala vibaya. Fanya haraka.

Shangazi yako

* * *

Kambi ya mafundi
23 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Kama hailii, basi mambo ni mepesi kuliko nilivyoogopa. Nimekununulia kile cha nyaya tatu, cha bati, tundu moja. Cha nyaya zote kingekuwa kumvalisha koti mtu asiye na mikono, maana mashine yako haina waya wa kuitumia huduma hiyo. Muuzaji wa huku ninamfahamu, kikiharibika anakipokea.

Nimekwisha kipa anwani yake ya mtandao, na kasi nimeilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya mashine, ulichonitumia picha yake mwaka juzi ulipotaka kujua kibandiko kinasema nini. Fundi wa shule achomeke tu, kisha mwalimu wa kompyuta aweke programu iliyo kwenye kidude kidogo cheupe. Jaribuni kwa ukurasa mmoja. Ukitoka salama, mkweche umepona, na nitaufuta usemi wangu wa harusini mbele ya ukoo uleule.

Niandikie mara tu ukijua. Na mimi silali siku hizi, nakuwaza.

Waya

* * *

Ofisini, shuleni
3 Desemba

Waya wangu,

Ukurasa umetoka.

Nakuandikia nikiwa ofisini, kwenye meza safi, mashine iko ghalani na mlango umefungwa. Nilibonyeza kitufe hapa, nikavuka uwanja nikikimbia kama msichana, nikafungua mlango, nikaukuta ukurasa umelala kwenye trei. Nikampelekea Mwalimu Vidole. Huyu sijui kama nimewahi kukutajia. Ni mwalimu wetu asiyeona, ndiye msahihishaji wa kila ninachochapa, na watoto ndio waliompa jina hilo kwa sababu vidole vyake havikosei. Alipitisha kidole mara moja tu akasema uko sawasawa. Mwalimu mkuu alitabasamu. Nimeyaona meno yake kwa mara ya kwanza na ni mazuri.

Kuna utulivu ofisini mpaka najihisi mgeni. Kuna mlio mdogo tu usiokwisha, nadhani ni taa ya darini, nitamwambia fundi aitazame.

Kesho naanza kitabu cha sayansi cha darasa la mwisho. Roho yangu imetua, mwanangu. Mungu akuzidishie.

Shangazi yako mwenye furaha

* * *

Ofisini, shuleni
9 Desemba

Waya,

Tumeharibikiwa.

Kitabu cha sayansi kimetoka kizima kwa unene, nikakifunga kwa fahari zangu zote. Mwalimu Vidole akakaa nacho barazani, akasoma. Kisha akanisomea mstari huu kwa sauti, na mwalimu mkuu alikuwa anapita: "Moyo wa binadamu una vyumba vinne, na hutaga mayai yake kwenye maji yaliyotulia."

Walimu walivunjika mbavu. Mimi sikucheka. Kati ya moyo na chura zimepotea kurasa nzima, mishipa ya damu yote imekwenda na maji. Tumeangalia kwingine, ni hivyohivyo. Kila sura inaanza vizuri halafu inaruka. Ukurasa mmoja peke yake unatoka bila kasoro, kitabu kinatoka na mapengo. Nimechapa mara ya pili, mapengo yamehama tu.

Mwalimu mkuu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema kwa upole kwamba labda tumejitahidi vya kutosha, na kwamba atazungumza na watu wa kuagiza vitabu mara baada ya sikukuu. Vyuma chakavu hakuvitaja, lakini alivifikiria, nilimwona. Waya, nisaidie. Hiki chumba ndicho nilichonacho.

Shangazi

* * *

Barazani, shuleni
11 Desemba

Kijana wangu Waya,

Hujambo? Mimi ndiye huyo wanayeniita Mwalimu Vidole. Naandika kwa kompyuta yangu inayosema, kwa hiyo ukiona kosa ni lake, mimi sikosei.

Nakuandikia bila shangazi yako kujua, na jambo hilo silipendi, ila nahitaji kuuliza. Alinieleza kwamba ulichagua kisanduku kwa kuwa mashine hailii inapojaa. Nikadhani ameniambia mzaha. Mashine hii inalia tangu nianze kazi hapa, na mpaka wiki iliyopita, ilipokuwa bado kwenye waya wa zamani, ilikuwa inalia kutwa nzima. Ni sauti nyembamba, kali, inapenya hata katikati ya kugonga. Mimi nikikaa barazani najua kitabu ni kirefu au kifupi kwa kuhesabu milio. Jana nimekwenda ghalani kusikiliza. Bado inalia, tena mfululizo, kama inayoomba msaada. Naona inaomba isubiriwe na hakuna anayeisubiri.

La pili si la mashine. Shangazi yako amenikasirikia na sijui kosa langu. Namsalimia asubuhi haitikii. Namwita kutoka mlangoni, kimya. Nikimkaribia na kumsalimia tena anaitikia kwa uchangamfu kama ndiyo kwanza tumeonana. Naona amechukia kwa sababu nilikuta makosa mengi kwenye kitabu cha hesabu mwaka huu. Wewe ni damu yake, niambie nimpoze vipi. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu na simtaki awe adui yangu uzeeni.

Nakutakia heri,
Msahihishaji

* * *

Kambi ya mafundi
15 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nianze na habari njema ili usome hii barua umekaa vizuri. Mashine ni nzima, kisanduku ni kizima, na tatizo nimelijua. Mashine yako inautumia waya wa kungoja. Ukurasa mmoja unaingia tumboni mwake bila shida, lakini kitabu kikija kinafurika, nayo inapaza sauti isubiriwe, na kisanduku changu cha nyaya tatu hakina sikio la kuisikia. Kinaendelea kumimina, yanayofurika yanamwagika. Ndiyo mishipa ya damu yako. Nimekwisha nunua cha nyaya zote. Likizo yangu inaanza sikukuu, nitakileta mwenyewe na kukifunga kwa mkono wangu. Kitabu kitachapwa kabla shule haijafunguliwa. Hilo liondoe moyoni.

Sasa la pili, na hili nimeliandika nikalichana, nikaandika tena. Mwalimu Vidole anasema mashine inalia. Anasema imelia siku zote. Wewe uliitegea asubuhi nzima na hukusikia kitu. Anasema pia kwamba anakuita mlangoni huitiki, na masikini anaamini umemchukia kwa ajili ya kitabu cha hesabu. Mimi niliamini umenichukia kwa ajili ya mkweche. Tulikuwa wanaume wawili wazima tunajilaumu kwa makosa ambayo huyajui hata.

Shangazi, spika ya simu yako haikwaruzi, sivyo?

Usinijibu kwa mzaha. Sijui nilie au nicheke, maana tangu harusi hadi barua yako ya kwanza nilidhani nimekupoteza. Kama ni masikio, basi hatujapotezana. Miaka yote umekaa karibu na vile vinyundo, bila hata pamba. Taa ya darini nayo usimsumbue fundi, naogopa mlio huo uko kichwani mwako. Nenda kwa daktari wa masikio. Kama hutaki kwenda peke yako, nikija tutakwenda wote.

Wako,
Waya

* * *

Nyumbani
19 Desemba

Waya,

Nimeisoma barua yako jikoni nimesimama, na chakula kimeungua. Sikusikia sufuria ikitokota mpaka ikakauka, nikajulishwa na pua. Basi umepata jibu lako.

Ilianza na ule mlio wa ujumbe kwenye simu. Nilidhani watu wameacha kuniandikia, nikawa najisikia mpweke bure. Kisha zikaondoka sauti za watoto wadogo, zile nyembamba. Wanaume wenye sauti nzito nawasikia wakiwa karibu. Kwenye simu sisikii mtu. Taa ya darini nilikwisha mwambia fundi, akapanda, akashuka, akasema ni nzima. Nilijua siku hiyo, lakini nikajitia hamnazo.

Utaniuliza kwa nini nimeficha. Wewe umekuja shuleni mara ngapi, hujatambua watu wa kule wanavyoishi? Kule hakuna anayepunga mkono. Mtu akiingia chumbani hujitaja kwa sauti, akiondoka huaga kwa sauti, mtoto akipotea njia uwanjani huita. Mimi hugeuka nikakuta mtoto amesimama nyuma yangu na karatasi yake, ameniita sijui mara ngapi, na hawezi kuuona mgongo wangu ajue sijamsikia. Anadhani nimempuuza. Uliza mwenyewe: katika shule ya watoto wasioona, asiyesikia ana kazi gani? Mwalimu mkuu akijua, hatahitaji hata kuuza mashine. Ataniambia nikapumzike, kwa upole wake ule, na atakuwa na haki. Niliogopa hivyo na bado naogopa. Usimwambie mtu, hata baba yako.

Lakini nikwambie ukweli, nilipomaliza kusoma barua yako niliketi na nikajisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu mwaka uanze. Kuficha ni kazi ya kutwa, mwanangu, na haina likizo. Angalau sasa yupo mmoja ambaye sihitaji kumwigizia.

Njoo na kisanduku chako. Kwa daktari tutakwenda. Habari za mwalimu mkuu tuziache kwanza.

Shangazi yako kiziwi

* * *

Ofisini, shuleni
14 Januari

Waya wangu,

Marahaba, na pole na safari. Tangu uondoke nimekuwa na mengi, nikasubiri yote yaishe ndipo nikuandikie.

Kitabu cha sayansi kimetoka. Ulipokuwa hapa tulichapa sura mbili tukashangilia, lakini mimi sikuamini mpaka kilipokwisha chote. Nilituma kutoka ofisini, nikakaa, nikajizuia nisivuke uwanja kuchungulia. Mwalimu Vidole alikisoma barazani mwanzo hadi mwisho, siku mbili, bila kupokea mgeni. Mishipa ya damu imo. Chura ana sura yake mwenyewe na moyo wake mwenyewe. Shule imefunguliwa, na darasa la mwisho wameshika vitabu mezani siku ya kwanza kabisa, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona hapa.

Mwalimu mkuu alikuja kunishukuru. Aliniambia mashine inabaki, ameandika barua kuwaambia wale wa kuagiza vitabu wasijisumbue, na anataka sasa kila mwalimu aweze kutuma kazi ghalani kutoka kwenye kompyuta yake. Nilipaswa kufurahi nikaishia hapo. Nilikuwa nimepata yote niliyokuomba. Lakini aliponiambia hayo alikuwa amenipa mgongo, anafunga dirisha, na nusu yake sikuisikia. Nikaona nitaitikia "haya, haya" tena, mwaka mwingine mzima. Nikapiga moyo konde. Nikamwomba ageuke, nikamwambia.

Nilimwambia yote, na aliyoyasema yule daktari wa masikio uliyenipeleka kwake pia: kwamba kilichokwenda hakirudi, kwamba kilichobaki kitabaki nikikaa mbali na vinyundo, na kwamba vile vifaa vya masikioni vitanisaidia kwa sehemu, si kwa yote. Nikamwambia kama anaona sifai, anihamishe mwenyewe kuliko nigunduliwe na mtoto.

Alikaa. Alitaka kujua imekuwa hivyo tangu lini, na kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria kuisogeza ile mashine mbali na mtu aliyekuwa anaitumia. Yeye mwenyewe, akasema, aliwaza masikio ya watoto upande wa pili wa ukuta na hakuwaza yangu upande huu. Aliomba radhi, Waya. Mimi nilikwenda kuungama na nikaombwa radhi. Kuhusu kuhama alisema hajui ninazungumzia nini, kwani kisanduku kimekwisha nihamisha.

Mwalimu Vidole alikuwa mlangoni wakati wote. Alifika bila kujitaja, kinyume cha desturi ya hapa, kwa hiyo hata mwenye masikio hakumjua. Nilidhani atanitania, maana ana lake la kitabu cha hesabu. Alikuja mpaka kwenye kiti changu, akanishika bega ili nijue yupo, akainama karibu na sikio langu la kulia, ambalo ndilo zima kidogo. Sauti yake ni nzito, nilisikia kila neno.

"Miaka yote umekuwa macho yangu na sijaona haya kukutumia," alisema. "Ulishindwaje kuniomba masikio?"

Nililia pale pale mbele ya mkuu wangu wa kazi, nikalia mpaka nikachoka. Yeye haoni machozi, lakini alitoa leso mfukoni akaitia mkononi mwangu, akabaki amesimama hapo hapo.

Tangu siku ile meza yake imeletwa ofisini, imegusana na yangu. Mtoto akiita mlangoni, ananigonga mkono na kuniambia ni nani. Karatasi ikiwa na chapa ya kawaida, namsomea. Watoto wameambiwa darasani, bila kuficha, kwamba wakinihitaji waje wanishike kiganja, na sasa nashikwa viganja kutwa nzima mpaka kazi haiendi. Simu yangu haina ubaya wowote. Usiipige, andika.

Nafunga hapa maana kitabu cha historia kimeingia. Mashine inagonga kule ghalani sasa hivi, vizuri, bila kukatika. Vidole ndiye ameniambia.

Shangazi yako